Kolwezi haina bahari, lakini ina bandari: maelezo kwa wanaotaka kututembelea



Kila likizo kubwa ikikaribia, watu wanaanza kutumiana picha za miji ya pwani. Mmoja anatuma Zanzibar mjini: majahazi, Ngome Kongwe, watu wanakula Forodhani jua likizama. Mwingine anatuma Mombasa. Halafu anatokea mmoja anauliza: "Na ninyi watu wa Kolwezi, kwenu kuna nini ya kuona, ukitoa malori na vumbi?" Kila mara tunacheka, mazungumzo yanakwisha. Leo nataka kulijibu swali hilo sawasawa, juu mimi ni mtoto wa Manika, na juu wengi kati yenu mtafika huku siku moja. Kama si kutembea, basi kutafuta staji au kazi. Na mtu anayekuja Kolwezi na CV tu mkononi, bila kuujua mji, anaona nusu ya mambo.

Tuanze na mji wenyewe. Kolwezi ni mji wa 1937. Union Minière du Haut-Katanga waliuanzisha uwe makao ya migodi yao ya upande wa magharibi. Kwa miaka mingi ulikuwa chini ya Lubumbashi katika kila kitu: mtu akitaka karatasi kubwa, anapanda gari kilomita 300 hivi kupitia Fungurume na Likasi. Mwaka 2015 Katanga ya zamani ikagawanywa kuwa majimbo manne, na Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mji una komini mbili, Dilala na Manika. Uko juu, zaidi ya mita 1,400, ndiyo maana usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashika baridi kweli. Mgeni wa kutoka Kalemie au Dar es Salaam aje na koti, asiseme hatukumwambia.

Sasa turudi kwenye pwani. Mtu anapousifu mji wa bandari, mimi naona anasifu mambo matatu. Maji ya kutazama. Mlango ambao mali inapitia kuingia na kutoka. Na watu wa kila kabila waliokutana hapo wakatengeneza lugha moja na mapishi mamoja. Kolwezi iko na yote matatu, ila kwa namna yake. Nitaeleza moja moja.

Maji: Lualaba na ziwa la Nzilo

Mto Lualaba unaanzia kwenye nyanda zetu za juu za Katanga, unapita karibu na Kolwezi, unateremka kaskazini mpaka maporomoko ya Boyoma kule Kisangani. Kutoka pale unabadilisha jina, unaitwa Kongo, unaenda mpaka Atlantiki. Livingstone alipoufikia Nyangwe mwaka 1871 alidhani huenda ni Nile. Ni Stanley aliyeufuata mpaka mwisho, akafika Boma mwezi wa nane 1877, na sehemu ya kwanza ya safari ile alisindikizwa na Tippu Tip, mtu wa Zanzibar. Kwa hiyo ukisimama ukingoni Lualaba, usifikiri uko pembeni ya dunia. Maji unayoyatazama yatafika baharini, ila yanachukua njia ndefu.

Karibu na Kolwezi mto ulikuwa unapita katika korongo la Nzilo, mawe pande mbili na maji yanavuma katikati. Mwaka 1952 Union Minière walimaliza pale bwawa la umeme wakaliita Delcommune, na maji yaliyozuiliwa yakafanya ziwa. Chini kidogo ya mto, mwaka 1956, wakamaliza kituo kingine, Le Marinel, chenye nguvu ya megawati 248. Wakati wa Mobutu majina ya wazungu yaliondolewa: leo tunasema Nzilo na Nseke, na SNEL ndiyo inaviendesha.

Ziwa la Nzilo ndilo pwani yetu. Wavuvi wanatoka na mitumbwi yao usiku, asubuhi akina mama wanangoja samaki ukingoni na mabeseni. Jumapili utakuta vijana wamekuja na pikipiki, wengine wanachoma samaki, wengine wanapiga picha. Ukitaka kupanda mtumbwi, sema na mvuvi mwenye umri, si kijana wa kwanza atakayekuita. Mpatane bei kabla ya kupanda, na muulize wapi kuna viboko na mamba. Kuogelea mimi sikushauri: mbali na wanyama, maji yaliyotulia yanaweza kuwa na kichocho. Bwawa lenyewe linalindwa. Usielekeze simu yako kule bila ruhusa ya maandishi.

Mwaka 1963 bwawa hili lilikuwa katika habari za dunia nzima. Moïse Tshombe, katika siku za mwisho za Katanga iliyojitenga, alijifungia Kolwezi na kutishia kulipua mitambo ya umeme. Haikulipuliwa. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini tarehe 21 Januari 1963 na kujitenga kukaisha. Fikiria kama ukuta ule ungevunjwa: vijiji vyote vya chini vingekuwa chini ya maji.

Kwa wanaopenda kutembea kwa miguu, pori letu ni la miombo. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja hivi, barabarani utaona akina mama wameshika sahani za uyoga wa manjano, wa kahawia na mweupe, wanauza kwa kila gari inayopita. Kuna pia kikanda, kile chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi za porini pamoja na karanga, kinakatwa vipande kama nyama. Onja, lakini ujue okidi zenyewe zinapungua kwa kuchimbwa sana.

Na kuna kitu ambacho pwani hawana: vilima vya shaba. Zamani, kabla ya mashine, mtu alitambua mahali penye shaba kwa kuangalia kilima kisicho na miti. Udongo wenye shaba nyingi unaua miti, unabakiza majani mafupi na maua yaliyozoea sumu ile. Moja linaitwa Haumaniastrum katangense, ua dogo ambalo wachunguzi wa madini walilifuata kama alama. Jingine ni Crotalaria cobalticola, ambalo hata jina lake limebeba kobalti. Baadhi ya mimea hii haioti mahali pengine popote duniani. Ubaya wake ni kwamba kilima kinachoibeba ndicho kilima ambacho kampuni inakitaka. Ninyi mliosoma botania au kilimo, hapa iko kazi ya tasnifu, na haina muda mrefu wa kungoja.

Mlango: reli na barabara

Bandari ni mlango, na mlango wetu uko mbali. Reli kutoka Tenke kupita Kolwezi mpaka Dilolo, mpakani na Angola, ilifunguliwa 1931 ikaungana na reli ya Benguela inayofika bandari ya Lobito. Kutoka Kolwezi mpaka Lobito ni zaidi ya kilomita 1,700. Ilikuwa njia fupi ya shaba kwenda Ulaya mpaka vita vya Angola vilipoifunga mwaka 1975. Tangu hapo mizigo yetu ilizunguka kusini na mashariki. Mpaka leo sehemu kubwa inapita kwa malori: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, halafu Durban, au Dar es Salaam ambayo ni zaidi ya kilomita 2,000. Ile foleni ya malori mnayoilalamikia ukiingia Kolwezi, mwisho wake uko kwenye gati ya bahari.

Sasa reli imerudi kwenye maneno ya wakubwa. Upande wa Angola ilijengwa upya mpaka Luau. Mwaka 2022 muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis ulipewa kuiendesha kwa miaka 30, na mwezi wa kumi na mbili 2024 Rais Biden wa Marekani alikwenda mwenyewe mpaka Lobito. Juu ya nini? Juu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka huku Lualaba. Betri ya simu unayoisomea maneno haya inaweza kuwa na kipande cha udongo wetu ndani.

Nenda stesheni ya Kolwezi ukaangalie tu. Haiko nzuri kwa picha, lakini ni kumbukumbu. Mwaka 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga, watu kwa maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwarudisha kwenye nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Wengi walikufa wakingoja au njiani. Wapo waliorudi baadaye, na wapo majirani waliowaficha. Kwa hiyo ukija, usifanye mzaha wa kabila mezani. Mzee unayecheka naye anaweza kuwa alikuwa mtoto pale kwenye behewa.

Hata umeme una mlango wake huku. Waya mkubwa kutoka Inga, karibu na Atlantiki, wenye urefu wa karibu kilomita 1,700, ulikamilika 1982 na unaishia Kolwezi. Ulijengwa kwa ajili ya migodi. Mitaa mingi iliyo karibu nao, jioni bado inawasha mshumaa au tochi ya simu. Utaona mwenyewe.

Watu: miji mikuu mitatu katika jimbo moja

Watu husema Kolwezi haina utamaduni, eti ni mji wa kazi tu. Hapo nakataa. Jimbo la Lualaba limebeba miji mikuu mitatu, na Kolwezi ndiyo mdogo wao kwa umri.

Wa kwanza ni Musumba, katika teritwari ya Kapanga, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Ufalme ule ulinyoosha mkono mpaka Angola na Zambia za leo. Safari ya kufika ni ndefu, barabara ni mbaya, inawezekana kiangazi tu na gari lenye nguvu.

Wa pili ni Bunkeya, katika teritwari ya Lubudi, mji wa Msiri. Baba yake alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, kufuata biashara ya shaba. Msiri akabaki, akajenga dola ya Garenganze, akafanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na, tuseme kweli, watumwa, na pwani zote mbili: ya Wahindi mashariki na ya Atlantiki magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold, na Bayeke wanaikumbuka tarehe hiyo mpaka leo. Ona basi: Lobito na Dar es Salaam tunazogombania leo, Msiri alikwisha kuzitumia pande zake zote mbili kabla reli haijakuwepo.

Wa tatu ni Kolwezi, na utamaduni wake umetoka kambi za wafanyakazi. Basanga ndio wenyeji waliojua kuyeyusha shaba tangu zamani. Misalaba ya shaba ilikuwa fedha na mahari. Kisha kampuni ikaleta Waluba, Walunda, Watshokwe, watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Zambia, ikawapanga nyumba mstari mmoja, ikawapa posho ya unga kila juma. Kiswahili chetu kilikua pale, kati ya mgodi na kisima. Ndiyo maana kiko tofauti na cha vitabuni. Mtu akikuambia "njo vile", usimsahihishe. Anasema ndivyo ilivyo, na mara nyingi ana sababu.

Muziki pia ulikua humo. Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, yaani Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukafundisha wapiga gitaa Afrika nzima. Mtaani utasikia karindula, lile gitaa kubwa la kopo na ngozi ya mbuzi ambalo vijana wanatengeneza wenyewe. Ukisikia ngoma ya msiba au ya harusi, usiingie na kamera mbele. Ingia na salamu: "Jambo, mama", "jambo, papa". Kaa, utaletewa kiti. Na chakula: bukari na sombe, samaki wa Nzilo, kikombe cha munkoyo. Kunywa munkoyo wa siku ile ile, uliokaa unabadilika.

Ukimpata mzee ana nafasi, muulize juu ya 1978. Tarehe 13 Mei waasi wa FNLC kutoka Angola waliushika mji, tarehe 19 wanajeshi wa Ufaransa waliruka na miavuli, kesho yake Wabelgiji wakafika. Waliokufa ni mamia, na wengi walikuwa Wakongomani, ingawa filamu ya Wafaransa ya 1980 inawakumbuka zaidi wazungu. Historia ya upande wetu iko vichwani mwa wazee tu, na wazee wanaondoka.

Mji unaosogezwa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Zanzibar unaweza kuahirisha kwenda mwaka huu, Mji Mkongwe utaukuta. Kolwezi haingoji. Mji wetu umekaa juu ya mali, na mali ile inachimbwa kutoka pembeni kuja katikati. Kasulo ulikuwa mtaa wa nyumba tu. Mwaka 2014 kobalti ikagunduliwa chini ya viwanja, watu wakaanza kuchimba vyumbani na jikoni mwao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kupewa kampuni, wenyeji wakalipwa waondoke. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti juu ya familia zilizohamishwa kwa ajili ya migodi, pamoja na mtaa ulio karibu kabisa na katikati ya mji, unaoitwa Cité Gécamines.

Msinielewe vibaya. Sisi wenyewe tumesomeshwa na mgodi. Gécamines ya 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Ilijenga shule, hospitali, viwanja vya mpira. Miaka michache baadaye ikaanguka, na wababa waliokuwa na kazi, nyumba na posho wakabaki na magodoro tu. Kwa hiyo tunajua mji bila mgodi unavyouma. Lakini tumeona pia mji ukihesabiwa kama kifuniko cha kuondoa ili kufikia mali. Mtaa ambao haukuandikwa popote, haukupigwa picha, hakuna mgeni aliyewahi kuutembelea, ni rahisi kusema haukuwa na kitu. Ndiyo maana kwangu kutembelea si starehe peke yake. Mgeni anayeuliza jina la barabara anamlazimisha mwenyeji alikumbuke.

Namna ya kuja

Njoo kati ya mwezi wa sita na wa nane, barabara ni kavu. Vumbi ni jingi, beba kitambaa cha kufunika pua. Beba karata ya kura au kitambulisho cha chuo, na kama mko kikundi, barua kutoka chuo au chama yenye muhuri. Inafupisha maneno barabarani. Mjini panda pikipiki za akina manseba, kubali bei kwanza, omba kofia.

Usiingie kwenye machimbo bila mwenyeji anayejulikana. Mashimo yaliyoachwa hayana ukingo. Usinunue madini hata kipande, ukikutwa nayo ni kesi. Usiokote mawe mazuri ya kijani na manjano karibu na Musonoi ukayaweke chini ya kitanda: eneo lile lina madini ya urani pia. Kuna jiwe moja la shaba na kobalti lililopewa jina la mji, kolwezite, lilitambuliwa 1980. Ulizeni watu wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Kolwezi wawaonyeshe, kuliko kuokota. Na mito inayopita karibu na viwanda, kama Musonoi na Luilu, ni ya kutazama tu.

Siku tatu zinatosha kwa kuanzia. Ya kwanza: Dilala na Manika kwa miguu, soko, stesheni, jioni mpira. Ya pili: Nzilo, mtoke alfajiri mkute samaki. Ya tatu: kaeni na wazee wa mtaa mmoja, muwaulize nani alijenga nyumba ya kwanza, kisima kilikuwa wapi, shule ilianza lini. Andikeni, piga picha kwa ruhusa, na nakala moja iachwe mtaani, isiende yote kwenye simu zenu.

Wanachama wa Kolwezi tuko tayari kuwapokea vikundi vya watu wasiozidi kumi na watano, kulala ni kwenye familia. Wanaotaka kuja likizo hii watume majina na fani zao kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Watu wa botania, historia na sosholojia ndio ninaowangoja zaidi. Wengine wote mnakaribishwa, bukari itatosha.